Vidole Vitano vya Moyo wa Melvin

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Naliaka alikagua mambo mawili: kama mdogo wake Melvin amefunga kamba za viatu, na kama midomo yake ina rangi ya kawaida. Melvin alikuwa na miaka saba, mwenye maswali mengi na pumzi haba. Kutoka ploti yao ya Kitengela hadi shuleni hapakuwa mbali, lakini ilimbidi achuchumae njiani mara kwa mara ili apumue.

Alizaliwa na moyo wenye kasoro. Sista Nthenya, muuguzi wa hospitali huko Kajiado, alimfundisha Naliaka kasoro hizo kwa vidole ili asizisahau.

"Leta mkono," alimwambia. "Kidole hiki, ukuta wa ndani ya moyo uko na tundu. Hiki, njia ya damu ya kwenda mapafuni ni nyembamba. Hiki, upande wa kulia umenenepa kwa kusukuma sana. Hiki kidogo, mshipa mkubwa umekaa mahali si pake. Na gumba?"

"Gumba ni rangi," alijibu Naliaka. "Midomo ikiwa buluu, kuna hatari."

"Basi kunja vyote viwe ngumi. Hivyo ndivyo utamkunja yeye, magoti kifuani, na usimwachilie. Akichuchumaa mwenyewe, mwache. Mwili wake unajua."

Naliaka alilishika somo hilo barabara. Lakini mama yao, Dolphine, aliyeshona nguo kiwandani Athi River, alimpa onyo kali.

"Hayo ya vidole yaishie hapa kwa nyumba. Shule ya kwanza niliwaambia ukweli, wakanirudishia mtoto. Eti hawataki awafie darasani. Ukisema, huyu atasoma wapi?"

Ni uchungu mama kuficha ugonjwa wa mwanawe ili apate tu dawati la kukalia. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na Naliaka akafunga mdomo.

Jumatatu moja ya mwaka wa 1998, wanafunzi walijipanga gwarideni. Skauti akaanza kupandisha bendera na wimbo wa taifa ukaanza. Katika shule hiyo, bendera ikipanda hakuna kutikisika, hata nzi akutue puani. Melvin alikuwa amekimbia ili asichelewe. Kabla ubeti wa kwanza haujaisha, akachuchumaa.

Mwalimu Maweu, aliyekuwa wa zamu, aliona dharau. Alimwendea, akamshika kola na kumwinua. "Simama wima! Unafikiri hapa ni kwenu?"

Melvin alijaribu kushuka tena. Mwalimu akamwinua tena, na safari hii hakumwachilia.

Kutoka mstari wa darasa la sita, Naliaka aliiona midomo ikigeuka. Vidole vyake vilijikunja vyenyewe. Alijua kinachotendeka ndani ya kifua kile, alijua la kufanya, na bado alisimama mkono umebana paja. Aliogopa mwalimu, akaogopa zaidi kuvunja neno la mama. Ubeti wa pili ukaimbwa wote. Katika ubeti wa tatu, Melvin akalegea.

Hapo Naliaka akachomoka mbio.

"Wewe msichana, rudi laini!"

"Mwalimu, moyo yake iko na shimo! Mwachilie!"

Alimlaza chini, akamkunja magoti mpaka yakagusa kifua, akayashikilia huku akilia. Wimbo ulikufa kinywani mwa kila mtu. Mwalimu Maweu ndiye aliyembeba Melvin hadi kwenye pikapu ya mwalimu mkuu.

Melvin hakufa. Huko hospitalini, Sista Nthenya alisema kukunjwa kule kulimwokoa. Lakini ubongo ulikuwa umekosa hewa kwa muda, na mkono wake wa kulia ulilegea. Huenda ungepona, huenda usingepona.

Mwalimu Maweu alikuja na ndizi, akasimama kando ya kitanda. "Mama Naliaka, mngeniambia tu."

"Ningekuambia, mngempokea?" aliuliza Dolphine.

Mwalimu aliziweka ndizi kando ya mto wa Melvin, akatoka.

Wiki iliyofuata Dolphine na Sista Nthenya walikwenda shuleni, na walimu wote wakafundishwa kuhesabu vidole. Mwalimu mkuu aliahidi kwamba nafasi ya Melvin ipo, na kwamba hakuna atakayemwinua tena. Ahadi nzuri. Ingekuja mapema ingefaa zaidi.

Siku Melvin aliporudi nyumbani, Naliaka hakugusa chakula. "Nilijua yote, mama. Nilijua na nikasimama tu."

"Ulisimama kwa sababu mimi nilikunyamazisha," alisema Dolphine. "Kosa ni langu, usilibebe. Lakini nisikilize, mwanangu. Kumbe ukijua peke yako haitoshi. Jambo la uhai wa mtu, waambie walio karibu naye. Wakikufukuza, wakufukuze. Hata kama ni mimi nimekukataza, sema."

Kisha akachukua kijiko akamlisha Melvin, ambaye bado hakuwa amezoea kula kwa mkono wa kushoto.