Kurasa Nne za Pharailde

Soko la vitu vikuukuu mjini Ghent lilikuwa limefurika Jumapili ile. Goedele Mestdagh, mchoraji wa vitabu vya katuni, alikuwa ndani ya koti la manjano lenye madoa ya wino mikononi. Aliinyooshea mkono picha ya zamani ya mtaa, akakuta mkono mwingine umeshaishika.

"Nimeiona mimi mwanzo," alisema.

"Na mimi nimeishika mwanzo," alijibu mwanamume mrefu mwenye skafu ya bluu. "Niambie unaitakia nini, labda nitakuachia."

Akamweleza. Alikuwa anaandaa katuni ya kisa cha kweli: Pharailde, mtumishi wa ndani aliyehukumiwa mwaka 1908 kwa kumlisha mwajiri wake sumu, akafia gerezani akisema si yeye. Jalada la kesi lilikuwepo, lakini kurasa nne, 41 hadi 44, zilikuwa zimenyofolewa.

Yule mwanamume aliiachia picha. Kisha akasema anaitwa Wannes, ni fundi baiskeli, na anajua mahali penye chipsi nzuri.

Walipendana upesi. Alimpigia simu kila mchana kutoka karakana.

"Umekula?"

"Nimekula wino."

"Njoo nikupikie basi, kabla hujageuka kalamu."

Kila Jumamosi alimsindikiza kwenye chumba cha nyaraka, akaketi kando yake akimfunulia majalada. "Umechoka, kipenzi?" alikuwa akimnong'oneza. "Labda hizo kurasa ziliungua zamani. Chora tu ulichonacho."

Miezi minane ikapita hivyo.

Siku moja ya Novemba walikuwa wanamtarajia baba yake Wannes kwa chakula cha mchana. Wannes alikuwa chini karakanani; Goedele alikuwa juu, akipekua kabati atafute kitambaa cha meza. Chini ya vitambaa palikuwa na bahasha yenye karatasi kuukuu. Aliufahamu mwandiko kabla hajasoma neno: ule wa karani wa mahakama, uliolalia kushoto. Juu ya ukurasa wa kwanza paliandikwa 41.

Alisoma akiwa amepiga magoti. Muuza dawa alikuwa ameapa kwamba aliyenunua ile sumu, mara mbili, ni mke wa marehemu. Pharailde hakukanyaga dukani kwake.

Wannes alipopanda ngazi akipiga mluzi, alimkuta hajainuka.

"Huyu mke ni nani wako?"

Mluzi ulikatika. "Mama yake babu. Aliolewa tena baada ya kesi. Babu alifanya kazi mahakamani, akazichomoa. Aliponipa, alinishika mkono nimwapie nitazificha. Baba hajui kitu."

"Ulijua tangu sokoni?"

"Ulipotaja jina tu."

"Kwa hiyo ulinipenda, au ulikuwa unanichunga nisifike?"

"Mwanzo nilikuchunga," alisema kwa sauti ndogo. "Baadaye nikakupenda, nikashindwa kusema."

Goedele alivaa koti lake. Mlangoni alipishana na mzee aliyebeba keki, akamwamkia, akashuka.

Simu ililia siku nyingi bila kupokewa. Wiki ya tatu ukaja ujumbe: "Nimezirudisha kwenye jalada. Nimeandika zilikotoka, kwa jina langu. Baba nimemwambia. Hasemi nami."

Alikwenda kuhakikisha. Zilikuwemo zote nne. Akainama juu ya meza, akalia, hata msimamizi akamletea maji.

Walikutana kituo cha tramu, mvua ikinyunya. Wannes alikuwa amekonda, hajanyoa.

"Jina la yule mama," alisema Goedele, "nitaliandika kamili."

"Liandike."

"Asante kwa kuzirudisha. Ilikugharimu, najua."

"Rudi nyumbani, Goedele. Sina siri nyingine."

Goedele alitikisa kichwa. "Kunificha ningekusamehe. Ulikuwa umeapa, na mzee yule ni baba yako. Lakini ulikuwa unakaa pale, Wannes. Unaniona nahesabu kurasa, unaniuliza kama nimechoka. Sasa kila ukiniuliza hivyo, nitajiuliza umeficha nini."

"Nipe muda nikuonyeshe."

"Nilikupa Jumamosi zote zile."

Tramu ilifika. Alimshika shavu, kiganja kikakaa pale muda mrefu kuliko alivyokusudia, kisha akapanda. Wannes hakumfuata. Goedele alikaa dirishani na mkoba wa michoro mapajani, na kituo chake kilipofika hakukiona. Alipitiliza mpaka mwisho wa njia.