Kofia Yenye Mate

Ile kofia ya kinasa sauti ilikuwa imelowa, na haikulowa maji.

Masikio, fundi sauti wa bendi, aliligundua hilo alipokuwa anafungasha vifaa. Dansi la Jumapili mchana lilikuwa limekwisha, na wahudumu walikuwa wakipandisha viti juu ya meza. Kinasa sauti chenyewe kilikuwa kidogo, cha kushika mkononi, na maikrofoni zake mbili zilichomoza juu kama pembe za konokono. Alikinunua mtumba pamoja na kofia yake ya manyoya ya kijivu, inayovishwa juu ya maikrofoni ili upepo wa feni usivume ndani ya wimbo. Sasa manyoya yalikuwa yameshikamana kama mkia wa paka aliyetoka mtaroni. Akayaminya. Kikatoka kitu cha kunata, kikavutika kati ya vidole vyake kama uzi.

"Nani kamwagia bia kifaa changu?"

"Bia imwagwe, bendi hii?" alisema mpiga tarumbeta. "Hapa hata povu linalambwa."

Masikio akafanya kosa ambalo kila mtu hulifanya na kila mtu hulijutia: akanusa. Ilikuwa harufu ya kinywa. Si kinywa chako, msomaji, ambacho bila shaka kimepigwa mswaki. Ni kinywa cha mtu aliyelala na mnofu katikati ya magego, akaamka, akaona uvivu, akalala tena.

Alipofika nyumbani alivaa hedifoni asikilize. Rekodi ilikuwa tamu ajabu. Mwimbaji wa bendi alikuwa mkewe, wakimwita Chiriku, na mwishoni mwa wimbo wake kulikuwa na noti moja ya juu ambayo watu walikuja ukumbini kuisubiri, wengine wakisahau glasi hewani. Kwa noti hiyo Masikio alipenda, akachumbia, akaoa. Jumamosi bendi ingerekodi albamu yake ya kwanza mbele ya watu, na bila noti ile hapakuwa na albamu, wala hapakuwa na Chiriku, maana mwanamke yule alikuwa haishi kwa kingine.

Lakini kati ya beti na beti, pale Chiriku anapovuta pumzi, ilisikika pumzi ya pili. Halafu: *glup*.

Mtu mwingine angetoka mbio na hedifoni kichwani. Fundi sauti akisikia jini hatafuti dua, anatafuta kitufe. Masikio aliikata ile *glup* kwenye kompyuta, akaendelea. Ikarudi kwenye ubeti uliofuata, nzito zaidi, na kamasi ndani yake. Akaikata tena. Mwisho ikaja noti ya juu, ikapanda, ikang'aa, kisha ikakatika katikati kama muwa uliong'atwa, na baada yake pakawa na kutafuna. Mtafunaji hakuwa na haraka.

Alipovua hedifoni, masikio yake yote mawili yalikuwa na mate.

Kesho yake kwenye mazoezi Chiriku alifungua kinywa kwa ajili ya noti yake, ikatoka hewa tupu.

"Koo linauma?" mumewe alimnong'oneza.

"Haliumi. Naifuata pale ilipo, siikuti. Kama unanyanyua mguu kupanda ngazi, na ngazi haipo." Akamkazia macho. "We baba, mbona unakitazama kile kinasa tu? Umefanya nini?"

Kabla hajajibu wakakiona wote wawili, mchana kweupe, kinasa sauti kikiwa juu ya spika na taa yake nyekundu inawaka bila kuwashwa na mtu, na manyoya ya kofia yakajigawa polepole katikati kama nywele zinavyogawanywa kwa kitana, na ndani ya mgawanyiko ule ukatokea ufizi, mwekundu, uliovimba, na nyuma ya ufizi ulimi mfupi mnene wenye utando mweupe, ambao ulitoka, ukalamba manyoya upande huu, ukalamba upande ule, kama mtu anayesafisha sharubu baada ya mchuzi.

Wakakichukua mbio kwa mganga, wakamkuta uani kwake, mbele ya jiko la mkaa. Chiriku akainama, akanong'ona kwa woga.

"Paza sauti, mwanangu!" mganga akapayuka. "Sikio hili nilimwachia jini mmoja zamani, hajalirudisha!"

"Kuna kitu kinameza sauti yangu!"

Majirani wote wakazima redio ili wasipitwe.

Mganga aliinua kifaa kwa vidole viwili, kama nepi. "Huyu mlafi. Damu hataki, nyama hataki. Anakula sauti, tena tamu tu. Ukimfukizia ubani ataona umemtilia kiungo. Dawa yake ni kumtapisha. Nani kati yenu anaimba vibaya?"

Chiriku hakufikiri hata kidogo. Alimnyooshea kidole mumewe. "Siku ya harusi aliniimbia. Nilidhani kashikwa na tumbo, nikamletea maji ya chumvi."

Masikio akavuta pumzi, akausogelea ule ufizi, akaimba. Aliimba wimbo wa mkewe, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ya mlango wa choo cha stesheni, na kwenye ubeti wa pili kofia ikaanza kujikunja, ikapiga kwikwi, ikabadilika rangi, na alipoijaribu ile noti ya juu, kinasa sauti kikatapika: ute wa kijani wenye mapovu, vifundo vya nywele, na madonge, madonge ya rangi ya ini bichi yaliyotafunwa nusu, kila moja likipwita na kuimba peke yake pale chini, hili kipande cha gitaa, lile kicheko cha bibi arusi asiyejulikana, lile kwaya nzima imebanwa ndani ya kitu kisichozidi kokwa.

"Chagua lako," mganga alisema, "ulimeze kabla halijapoa."

"Nimeze?"

"Ulitaka nikufungie kwenye mfuko? Ila lichambue kwanza. Usimeze na unywele wake hata mmoja!"

Chiriku alipiga magoti, akatega sikio, akalipata. Lilikuwa linaimba noti yake, kwa unyonge, chini ya ute. Akaliokota, na lilipomteleza kiganjani, likiwa na uvuguvugu wa mtoto aliyejikojolea, akashindwa kulitazama, sembuse kulichambua. Alifumba macho, akalitupia mdomoni, akameza, na alihisi linashuka lenyewe, kama lenye miguu.

Mganga alisukumia kifaa na kofia kwenye mkaa. Manyoya yalilia. Wote watatu walicheka, kwa namna watu wanavyocheka wakiwa wanataka kutapika.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Masikio aliazima kinasa sauti kingine, kisicho na kofia, akavaa hedifoni. Mwisho wa wimbo noti ikapanda. Ilikuwa kamili, pana, tamu kuliko zamani, na watu wakasimama juu ya viti, na fundi sauti akalia bila aibu, kamasi zikidondokea mitambo.

Kisha ikaja zamu ya tarumbeta. Yule rafiki yetu wa povu akasogea karibu na Chiriku, akajaza mashavu, akapuliza. Ikatoka hewa. Akaitazama tarumbeta, akapuliza tena. Hewa.

Kwenye hedifoni, kupitia maikrofoni ya mkewe, Masikio alisikia pumzi mbili zikivutwa kwa pamoja.

*Glup.*

Akainua macho. Chiriku alikuwa anamtazama mpiga tarumbeta kwa upole, kama anavyotazamwa mtu anayekaribishwa mezani. Akaingiza vidole kinywani, akachomoa katikati ya magego unywele mrefu wa kijivu, unaovuta uzi wa mate, akautazama kwenye mwanga wa jukwaa. Kisha akaurudisha, na kuulamba ule uzi uliobaki kidevuni.