Uongo wa Desemba

Ndugu zangu wa Talwood, na ninyi wa mbali ambao mpira wa Kimarekani umewaingia damuni, sogeeni karibu. Haya nitakayoyasimulia yametupata sisi wenyewe, hapa hapa Mississippi, na tusipoyasema wazi yatawapata na watoto wetu.

Jumapili moja mwishoni mwa Novemba, nyumba ya kocha Harlan Tibbets ilijaa vicheko. Mkewe Renae alikuwa na desturi ya kuwalisha wachezaji wa chuo chetu kila Jumapili baada ya ibada. Siku hiyo alikaanga kuku mpaka madirisha yakapata ukungu, akapika kunde na mkate wa mahindi, na pai za viazi vitamu zikapangwa hadi juu ya mashine ya kufulia. Vijana walistahili kula. Jana yake walikuwa wametwaa taji la kanda, jambo ambalo chuo chetu kidogo hakikuwahi hata kuliota, na mwishoni mwa Desemba walikuwa wacheze mechi kubwa ya kufunga mwaka mbele ya nchi nzima.

Mezani alikuwapo Weston, mtoto pekee wa Harlan na Renae, aliyekuwa mwaka wa mwisho chuoni. Ni kijana mpana, anayesimama katikati ya mstari wa mbele na kuutoa mpira kila mchezo unapoanza. Pembeni yake aliketi rafiki yake Tavarius Boone, mlinzi wa nyuma, mwepesi wa miguu na wa maneno. Tavarius alilelewa na bibi yake, Bibi Odessa. Harlan ndiye aliyekwenda kumtafuta, akaketi jikoni kwa bibi huyo, akala kambare wake wa kukaanga, akamwambia, "Bibi, nitamlea kama wangu, na nitamrudisha kwako akiwa na shahada."

"Kocha, huyu mwanao anakula kama vile kuku kamkosea," Tavarius alitania.

"Mwache," Harlan alijibu. "Ninyi wenzake mnalipwa siku hizi. Yeye mshahara wake ni hayo mapaja."

Walipokuwa bado wanacheka, simu ya Harlan ikaanza kutetemeka mfukoni. Alitoka nayo kibarazani. Aliyepiga alikuwa wakala wake, Lyle Pruett, mtu anayeongea haraka kama muuza ng'ombe mnadani.

"Granger wamemfukuza kocha wao asubuhi hii. Wanakutaka wewe."

Granger, ndugu msomaji, si chuo cha mzaha. Uwanja wake unaweza kuumeza mji wetu wote na ukabaki na njaa. Harlan alikaa kwenye ngazi.

"Na mkataba wangu wa hapa?"

"Wataulipia fidia, hilo si kazi yako. Kazi yako ni kufunga mdomo. Habari ikivuja kabla hatujasaini, watajifanya hawakujui na kumchukua mwingine."

"Lyle, nina mechi. Vijana wangu wataniuliza."

"Kana."

"Niwakane vijana wangu?"

"Wee Harlan, umeanza kazi hii jana? Desemba kila kocha anakana. Hiyo ni adabu ya kazi, wala hakuna anayeihesabu kuwa uongo."

Na hapo Lyle hakukosea sana. Katika biashara hii kocha husema siendi popote huku masanduku yake yako garini. Waandishi huandika hivyo hivyo wakijua, na mashabiki husoma wakitabasamu. Harlan alikuwa ameishi miaka mingi katika mazoea hayo hata akayaona kama salamu tu. Tena nisimlaumu kupita kiasi. Baba yake alifia kwenye kiwanda cha mbao bila kuacha hata pesa ya jeneza, na mtu aliyeonja umaskini wa namna hiyo hasikii vizuri anapoitwa na utajiri.

Jumanne waandishi walimuuliza, akakana. Jumatano jioni Weston akaja nyumbani peke yake, akasimama mlangoni pa jikoni bila kuvua koti.

"Baba, niambie ukweli. Unakwenda Granger?"

Renae alikuwa akiosha vyombo. Mikono yake ikatulia ndani ya maji, maana yeye alikwisha kuambiwa, na alikwisha kusema hapana mpaka sauti ikamkauka.

"Nani kakwambia?" Harlan aliuliza.

"Kila mtu anasema. Wenzangu hawalali. Tavarius kapigiwa simu na chuo kingine, kuna nafasi moja inamsubiri. Anataka kujua kama wewe unabaki. Ukibaki, anabaki. Siyaulizii magazeti, Baba. Najiulizia mimi."

Angalieni sasa, ndugu zangu. Mlango ulikuwa wazi mbele ya mtu huyu. Angeweza kusema, "Mwanangu, kuna jambo, lakini siwezi kulisema." Hata kimya kingetosha. Lakini Harlan alifikiri kwamba Weston analala nyumba moja na wachezaji, na neno likimfikia litafika kwa wote kabla ya chai ya asubuhi.

"Siendi popote," akasema. "Kalale."

Weston akashusha pumzi, akamkumbatia baba yake, akakata kipande cha pai na kutoka nacho akitafuna. Mlango ulipofungwa, Renae alimgeukia mumewe.

"Harlan, huyo si mwandishi wa habari."

"Ni siku mbili tatu tu. Ataelewa."

"Wewe ndiye hujaelewa," Renae alisema, akarudia vyombo vyake.

Yaliyofuata Harlan hakuyaona kwa macho. Aliyasikia baadaye kwa Renae, na hadi leo anayasikia. Weston alikwenda moja kwa moja chumba cha kubadilishia nguo, akasimama juu ya benchi mbele ya timu nzima. "Nimemuuliza Baba uso kwa uso," akasema. "Hatoki. Hajawahi kunidanganya maishani mwangu. Mwenye wasiwasi na auweke kwangu." Tavarius alipiga simu mbele ya wote, akakikataa kile chuo kingine, akasema yeye ni wa Talwood.

Ijumaa mchana ndege ndogo nyeupe ilitua kwenye kiwanja chetu cha ndege nyuma ya kiwanda cha pamba. Mnatujua. Desemba hatuulizi kocha kasema nini, tunauliza ndege ya nani imetua. Wazee, wanafunzi na akina mama wenye watoto mgongoni walikuwa wamekwisha kujipanga kwenye uzio, wakisoma namba za mkiani na kuzitafuta kwenye simu zao. Ilikuwa ya tajiri mmoja wa Granger. Kinyozi wetu akavua kofia kana kwamba jeneza linapita. Harlan alipanda ngazi za ndege bila kutazama uzio.

Kabla ya kuondoka alikuwa ameita timu, akawaambia kwamba anawapenda, kwamba huu ni uamuzi mgumu kwa ajili ya familia yake, na kwamba kocha msaidizi atawaongoza kwenye mechi kubwa. Chai isingepoa kwa muda aliotumia. Hakumtazama Weston. Alipotoka, Tavarius alisimama mbele ya rafiki yake.

"Ulisema."

"Sikujua. Naapa sikujua."

"Basi ni moja kati ya mawili. Ama ulijua ukatuuza, ama baba yako hakukuhesabu kuwa mtu. Chagua mwenyewe lipi ni afadhali."

Weston hakuchagua. Alicheza ile mechi ya Desemba na wenzake, wakafungwa vibaya, na wengi hawakumpa hata mkono. Kocha mpya alipokuja Januari alikuja na wachezaji wake, kama ilivyo kawaida siku hizi. Akamwambia Tavarius atafute kwingine. Kwingine kulikwisha kujaa. Kijana akarudi nyumbani kwa bibi yake bila shahada, akaajiriwa kwenye kiwanda cha kuchinja kuku.

Na Harlan? Granger walimpa nyumba yenye vyumba vya kupotelea. Renae alikaa Talwood mpaka Weston alipohitimu, kisha akamfuata mumewe. "Hizi sahani nimezifungasha mpaka zinajua njia zenyewe," alisema siku ya kuhama, na hakucheka. Jumapili ya kwanza alipika kama alivyozoea. Hakuna mchezaji aliyekuja, kwa sababu huko wana bwalo lao, wapishi wao na mtu wa kuwapimia nyama. Walikula wao wawili tu mezani, wakamaliza bila kugusa pai.

Mwaka wa kwanza Granger walimwimba. Mwaka wa pili timu ilipoanza kuyumba, wale wale waliomwimba walikuja mchana kweupe na kuchomeka kwenye bustani yake vibao vya "Nyumba Hii Inauzwa", vingi hata mtu asione majani. Renae aliving'oa kimya kimya na kuviegemeza ukutani. Mwishowe Harlan alifukuzwa kazi pale pale uwanja wa ndege, timu ikishuka kutoka mechi waliyofungwa. Kulingana na mkataba wataendelea kumlipa miaka kadhaa ili asije kazini. Ajabu ya biashara hii ndiyo hiyo: mtu analipwa fedha nyingi kwa sharti la kutohitajika.

Muda wote huo Weston alipokea simu za mama yake, za baba yake hakuzipokea. Alikuwa amepata kazi ya kufundisha historia katika sekondari ndogo huko Alabama, na jioni ndiye kocha wa timu yao. Harlan alikaa kwenye ile nyumba kubwa akitazama mpira wa watu wengine, hata alasiri moja ya Agosti akawasha gari, akaendesha mpaka huko.

Aliwakuta mazoezini, jua linachoma. Weston alimwona kwenye uzio, akakamilisha zoezi kwanza, ndipo akaja.

"Baba."

"Mwanangu. Umekonda."

"Mama ndiye anayeninenepesha, na yuko mbali. Kuna heri?"

"Nimekuja kuomba kazi," Harlan alisema. "Bila malipo. Nikufundishie walinzi tu."

Weston alicheka kidogo, kicheko cha kweli. "Granger wanakulipa usifanye kazi, wewe unataka kufanya kazi usilipwe. Mambo yako yote yako kichwa chini, Baba."

"Nilikudanganya," Harlan alisema ghafla, na machozi yakamlengalenga. "Nilidhani nayadanganya magazeti."

"Nilikwisha kukusamehe. Mama kaniomba mpaka nikaona haya." Weston alipangusa jasho kwa mkono wa shati. "Lakini nilikwenda kwa Bibi Odessa. Nilikwenda kumwomba radhi kwa maneno yako, maana mimi ndiye niliyeyafikisha."

"Alisemaje?"

"Alinipa chakula. Akaniambia, 'Wewe mwanangu hukuniahidi kitu.' Nikaiweka sahani chini."

Harlan alishika uzio.

"Ingia," Weston alimwambia. "Walinzi wako pale. Ni wabovu, nakuonya."

Vijana walimjua, nani asiyemjua? Wakamzunguka kwa furaha, na nahodha wao akamgeukia Weston.

"Kocha, huyu atakaa nasi msimu mzima? Kweli?"

Harlan naye akamtazama mwanawe. Ndani ya moyo wake alikuwa anamwomba amjibie, kama mtoto huyo alivyomjibia zamani akiwa juu ya benchi bila hata kuombwa.

"Muulizeni mwenyewe," Weston alisema kwa upole. "Mimi niliacha kumsemea."

Akaenda kuokota mipira. Harlan akawaambia wale vijana kwamba ndiyo, atakaa msimu mzima, na wote wakamwamini. Mmoja tu hakugeuka kusikiliza.

FUNZO

Ndugu zangu, wahenga walisema mkataa pema, pabaya panamwita. Lakini sisemi kwamba kila anayehama ni mwovu. Mtu ana haki ya kutafuta riziki kubwa zaidi, na kocha ni mtu. Ubaya wa Harlan haukuwa kupanda ndege.

Ubaya ni kuleta nyumbani uongo uliohalalishwa kazini. Kila kazi ina uongo wake ambao wenyewe wameshauita adabu: mwenye duka anao, wakili anao, na mhubiri pia anao. Tukishauzoea hatusikii tena harufu yake. Mtoto wako hayumo katika biashara hiyo. Ukimwambia neno, hulipokea lote, halafu huliweka rehani kwa rafiki zake kwa jina lake mwenyewe. Likija kuvunjika, anayelipa ni yeye, na pengine mjukuu wa bibi fulani aliyekulisha jikoni kwake.

Na sisi wa kwenye uzio tusijitoe. Sisi ndio tunaotabasamu kocha anapokana, na kuona Desemba ni mchezo ndani ya mchezo. Tungekuwa tunaona aibu badala ya kutabasamu, huenda Harlan naye angeiona. Ahadi ni deni, na deni la baba kwa mwanawe hakuna chuo kinachoweza kulilipia fidia.