Mwaloni wa Mama Mkwe

Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani, mshonaji hufunga mapazia. Jua hula rangi ya kitambaa, na kitambaa cha mtu si cha kuchezea. Mteja aliyeleta chekundu hataki kurudishiwa gauni lililopauka.

Basi mama mkwe wake aliposafiri kwenda kutibiwa macho, akamwachia mche wa mwaloni kwenye chungu, mshonaji aliutunza kama alivyojua kutunza kitu cha thamani. Aliuweka pembeni ya rafu, mbali na dirisha. Aliumwagilia na kuupangusa vumbi. Watoto wake wa kuwazaa hawakudekezwa hivyo!

"Huu ndio uliobaki," mama mkwe alisema siku ya kuondoka.

Hakuhitaji kueleza zaidi. Mwaloni mkubwa wa mbele ya nyumba yake ulipandwa na mumewe enzi za ujana wao. Mume akafariki. Kisha barabara ikapanuliwa, na mti ukakatwa. Mama mkwe aliokota mbegu chini yake akazipanda zote. Ikaota moja tu.

Wiki zikapita. Mche ukarefuka haraka, na mshonaji akafurahi. Halafu akaanza kuingiwa na wasiwasi. Shina lilikuwa jembamba mno. Lilikuwa limeinama kuelekea dirishani, na majani mapya yalitoka madogo, rangi imefifia.

"Baba watoto, njoo uone. Mti wa mama umepinda."

Mumewe, fundi bomba, akachungulia. "Labda unasikiliza redio ya majirani."

"Mimi roho inanidunda, wewe unatania?"

"Basi uongezee maji." Fundi bomba na maji, ungetegemea aseme nini?

Akauongezea. Majani yakazidi kuwa ya njano. Sasa simu ikiita, mshonaji aliiacha iite mara kadhaa kabla ya kuipokea.

"Mti wangu unaendeleaje?" mama mkwe aliuliza.

"Umerefuka sana, mama."

Ni kweli ulikuwa umerefuka. Hata hivyo alikata simu huku moyo unamsuta.

Siku moja jirani yao alikuja kupima aproni. Mama huyu ana kitalu cha miche nyuma ya soko. Akiwa ameinua mikono apimwe, macho yakatua pembeni ya rafu.

"Dada, mwaloni huu umeufungia gizani kwa kosa gani?"

"Naukinga na jua."

"Usipauke?" Jirani akacheka. Alipouona uso wa mwenzake, akaacha. "Sikiliza. Kitambaa kinaharibiwa na jua, lakini mti unaishi kwa jua. Urefu huu si afya. Unanyoosha shingo kutafuta mwanga."

"Utakufa?"

"Bado. Fungua pazia. Uweke kwenye dirisha linalopata jua muda mrefu kuliko mengine. Kila baada ya siku chache geuza chungu, shina lisiegemee upande mmoja. Maji, subiri udongo wa juu ukauke. Kama mwanga hautoshi, nitakuazima taa ya mimea. Unaining'iniza karibu juu ya majani, inawaka mchana, usiku unaizima. Mti nao unapumzika."

"Kisha utakaa hapo daima?"

"Hapana. Ndani ni kwa muda tu. Mwaloni ni mti wa nje. Unataka jua lenyewe, saa sita kwa siku au zaidi."

Fundi bomba alikuwa mlangoni. Akasikia hayo ya mwisho tu.

Kesho yake mkewe alikwenda kununua nyuzi. Mume, kwa nia njema kabisa, akaubeba mche akauweka katikati ya ua, juani. Mkewe aliporudi alasiri, majani yote yalikuwa yamegeuka kahawia, makavu kama karatasi.

"Umeniua!" alilia. "Mama anarudi kesho kutwa!"

Mume hakuwa na utani tena. Alikimbia mwenyewe kumwita jirani.

Jirani alipiga magoti. Kwa ukucha akakwaruza kidogo ganda la shina. Mshonaji alishindwa kutazama.

"Fungua macho. Chini ya ganda ni kijani. Haujafa."

"Lakini ulisema unataka jua!" mume alisema.

"Nilisema. Ila jani lililokulia kivulini ni laini, ukilitoa ghafla linaungua. Mti unazoeshwa. Siku za kwanza uweke nje barazani, upate mwanga bila jua lenyewe. Halafu jua la asubuhi, kwa muda wa saa moja tu. Unaongeza kidogo kidogo. Baada ya wiki mbili hivi utavumilia jua la siku nzima."

Mama mkwe alirudi akafikia kwao, akiona vizuri. Alichokiona ni kijiti bila jani hata moja.

"Mama, ni mimi niliyeuweka juani," alisema mwanawe.

"Na mimi niliufungia gizani," alisema mshonaji. "Kwenye simu nilikuficha. Nisamehe."

Mama mkwe aligeuka. Akaingia ndani.

Nyumba ikapoa. Mshonaji alikosa hamu ya kula. Kila siku alifuata maelekezo: barazani kwanza, kisha jua la asubuhi, kisha zaidi. Mama mkwe alimtazama kutoka dirishani.

Hadi asubuhi moja sauti ikaita kutoka nje. "Mwanangu! Njoo uone!"

Mshonaji alitoka mbio. Kwenye shina palikuwa na vichipukizi viwili, vyekundu kwa uchanga.

Majani yalipokomaa na shina kusimama imara, jirani akaja kuwachagulia mahali pa kuupanda pale uani. Alikataa karibu na ukuta. Alikataa chini ya mti mwingine, kwa sababu ya kivuli. Akachagua mahali pa wazi, ambapo jua lilifika asubuhi hadi alasiri.

Mama mkwe alishindilia udongo kwa mikono yake, kisha akamshika mshonaji mkono.

"Siku nikiondoka duniani, mti huu nakuachia wewe. Si yule, atauchoma tena."

"Mama, nakusikia!" fundi bomba alilalamika.

"Ndiyo, usikie."

Mshonaji alifuta machozi, akaenda kuchota maji ya kuumwagilia.