Jagi Jekundu

Kila jioni alipotoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, Kasuku alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma kumtayarishia babu yake rangi. Jina hilo la Kasuku alipewa na babu mwenyewe, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Alifungua tyubu moja baada ya nyingine na kuzikamua juu ya kibao: nyeupe mwanzo kabisa upande wa kushoto, halafu njano, buluu, nyeusi, na mwisho kulia nyekundu. Mpangilio huo haukubadilika hata siku moja.

"Tayari?" babu aliuliza.

"Tayari, babu. Nyeupe iko kushoto kwako."

Mtu angewaona angesema ni mapenzi tu ya babu na mjukuu. Lakini siri ya mtungi aijuaye ni kata. Babu, mchoraji aliyesifika mji mzima, alikuwa haoni vizuri. Ukungu ulikuwa umetanda machoni mwake tangu mwaka uliopita, na rangi zote alizozitazama zikawa kama maji machafu ya kuoshea brashi. Nyeupe aliijua kwa kuwa ilikaa kushoto, basi.

"Usimwambie mtu," alimsihi Kasuku. "Mama yako akijua atanipeleka hospitali, na huko wataninyang'anya brashi yangu. Mimi bila brashi ni nani?"

Kasuku alikubali, na mdomo ule usiofungwa ukapigwa kufuli. Babu alipomwaga chai mezani, Kasuku alimwambia mama kuwa ni yeye aliyegonga kikombe. Babu alipojigonga mlangoni, Kasuku alicheka kwa nguvu ili ionekane ni mzaha. Mama alikuwa fundi cherehani na kazi zilimzonga, kwa hiyo aliamini. Kila uongo ulimkaa Kasuku kifuani. Akisema, amemsaliti babu. Akinyamaza, babu anazidi kuzama gizani. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, na hakuona pa kutokea.

Ndipo jumba la makumbusho likatangaza maonyesho ya wachoraji wawili: babu na mwanafunzi wake wa zamani, mwanamke aliyeitwa Mama Brashi kwa sababu siku zote alichomeka brashi nyweleni na kisha kuitafuta nyumba nzima. Wote wawili walikuwa wamechora mtaa mmoja, na picha zao zilitundikwa mbili mbili, ya huyu kando ya ile ya yule. Siku ya ufunguzi wangekaa ukumbini wachore mbele ya wageni jagi jeupe lililowekwa juu ya kitambaa cha buluu.

Siku hiyo Kasuku alizitazama picha ukutani. Kuta za Mama Brashi ziling'aa jua. Kuta zilezile, kwa mkono wa babu, zilikuwa za tope.

"Babu yako siku hizi anachora huzuni," Mama Brashi alimwambia taratibu. "Yuko salama nyumbani?"

"Yuko salama," Kasuku alijibu, na akayachukia maneno yake mwenyewe.

Alikamua rangi kwenye kibao kama kawaida. Alikuwa amepanga kusimama karibu na babu mpaka mwisho, lakini msimamizi wa maonyesho alimshika bega.

"Mwanangu, watoto wote nyuma ya kamba, tafadhali."

"Lakini mimi ninamsaidia..."

"Babu yako alianza kuchora kabla mama yako hajazaliwa. Nenda kasimame pale."

Kasuku alisimama pale. Na akiwa pale, aliona kwa macho yake mpiga picha akiivuta meza ndogo ya babu yenye kibao cha rangi ili apate kumpiga vizuri usoni, kisha akiirudisha. Alipoirudisha, kibao kilikuwa kimegeuka. Nyekundu ilikaa kushoto, nyeupe kulia. Kasuku alifungua mdomo, kisha akaufunga. Angesema nini mbele ya watu wote wale bila kuifichua siri?

Babu alichovya brashi kushoto, kwa utulivu wa mtu anayejua afanyacho, akachora jagi. Jagi jekundu kama pilipili.

Wageni walinong'ona, halafu mmoja akapiga makofi, na ukumbi mzima ukafuata.

"Mzee ana ujasiri!" alisema bwana mmoja aliyevaa tai. "Huo ndio usanii! Mimi nimeielewa kabisa hii."

Babu alitabasamu na kuendelea kupaka. Kasuku aliishika kamba kwa mikono miwili. Wangeweza kuondoka hivyohivyo, wakipongezwa, na asijue mtu. Lakini msimamizi alichukua kipaza sauti.

"Mzee wetu, hebu tuambie. Kwa nini jagi lako ni jekundu?"

Tabasamu la babu likaganda. "Jekundu?" aliuliza. "Jagi gani?"

Watu walicheka, wakidhani anatania. Mama Brashi peke yake hakucheka. Aliiweka brashi yake chini. Babu aligeuza uso huku na huku, mkono ukipapasa hewani.

"Kasuku?" aliita. "Kasuku, uko wapi?"

Alikuwa anaitazama nguzo.

Kasuku alipita chini ya kamba, akaushika ule mkono. "Niko hapa, babu. Kibao kiligeuzwa." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujali tena. "Haoni," aliwaambia watu. "Babu yangu haoni, na mimi nimechoka kuficha."

Hakuna aliyecheka tena. Mama Brashi alikuja akamkalisha babu kitini, na mama akasogea kutoka nyuma ya ukumbi akiwa amejishika kichwa.

Hospitalini, daktari wa macho alimulika jicho moja, kisha la pili. "La kulia lina mtoto wa jicho," alisema. "Hilo tutalifanyia upasuaji mdogo, na ataona. La kushoto lina presha ya jicho pia, nalo limecheleweshwa. Nuru iliyopotea humo hairudi."

"Na kama ningesema mapema?" Kasuku aliuliza.

Daktari alizima tochi yake. "Huenda tungeliokoa. Lakini wewe ni mtoto. Mzigo huo haukuwa wako."

Maneno hayo hayakumtuliza Kasuku. Alikaa kwenye benchi la kijani, akiutazama mlango wa chumba cha upasuaji, na hakuwa na la kufanya ila kungoja.

Upasuaji ulifanikiwa. Kabla maonyesho hayajafungwa, babu alirudi ukumbini, jicho moja likiona. Alizikagua picha zake za tope, akatikisa kichwa, kisha akafika kwenye jagi jekundu.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Mimi nimeumbuliwa na jagi. Nimepona kwa bei rahisi."

Mama Brashi alicheka. Babu hakucheka sana. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mjukuu wake.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Kosa lilikuwa langu, tena kubwa, kwa sababu nilikubebesha wewe. Mtu mzima akikuambia ufiche ugonjwa wake, usikubali, hata akiwa babu yako, hata akilia. Mwambie mkubwa mwingine unayemwamini. Huko si kumsaliti. Ungenisema mapema, ningekasirika, halafu ningekushukuru kwa macho mawili."

Jioni ile Kasuku alikwenda chumba cha nyuma kukamua rangi, akakuta babu ameshakaa mezani, tyubu mkononi.

"Kasuku, hii ni rangi gani?" aliuliza kwa mazoea.

"Angalia mwenyewe, babu."

Babu aliisogeza tyubu karibu na jicho lake moja, akaitazama kwa muda.

"Nyekundu," alisema, akaikamua mwenyewe upande wa kulia wa kibao.