Dume, Jike na Mguu wa Shemeji

Boti iligonga kisiki kilichozama, ikapinduka kabla shemeji hajamaliza tusi lake. Mtafiti aliibuka akitema tope, mfuko wa chupa ukiwa bado shingoni. Injini, chakula na galoni la spiriti vilikwenda na maji.

Kosa lilikuwa lake. Huwezi kusajili aina mpya ya utitiri wa maji baridi bila vielelezo, na yeye aliwataka dume na jike. Dume alikuwa naye tangu asubuhi, amehifadhiwa ndani ya chupa ya spiriti, mwekundu, mdogo kama chembe ya mchanga. "Kijito kimoja tu, shemeji, kisha turudi," alibembeleza. Jike akampata. Dhoruba nayo ikawapata.

Alimburuta mume wa dada yake hadi kwenye kisiwa cha matete kisichozidi chumba cha kulala. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti, ngozi imechanika. Akaunyoosha kwa kipande cha kasia, akaufunga kwa wavu wake wa kuchujia utitiri.

"Dada yako ataniua kwa hii boti," shemeji alisema, meno yakigongana.

"Pona kwanza, ndipo akuue. Kunywa maji."

"Yana wadudu wako?"

"Wamo. Utashiba."

Kulipokucha shemeji alikuwa na homa, na mguu umevimba hadi pajani. Mtafiti hakuweza kutulia. Alikizunguka kisiwa kama kuku anayetafuta pa kutagia, akaugusa mguu, akazunguka tena. Bila daktari, mtu huyu angemfia mikononi, na angemwambia nini dada?

Ndipo injini ya boti nyingine ikanguruma ng'ambo ya matete.

Alipiga kelele mpaka koo likakauka. Hakuna aliyesikia. Kiberiti cha gesi cha shemeji kiliwaka, lakini matete yalikuwa yamelowa chapachapa. Mngurumo ukaanza kufifia.

Akaufungua mfuko.

"Hizo si ndizo..." shemeji alianza.

"Nyamaza!"

Angeweza kuwachuja, lakini wavu ulikuwa umeshika mfupa. Lisilo budi hutendwa. Akaimwaga spiriti juu ya matete, chupa baada ya chupa, ya dume, ya jike, huku akilia bila kujificha. Moto ukashika, moshi mzito ukapanda. Injini ikabadili mlio, ikageuka kuwafuata.

Mguu ulipona, ila ukabaki mfupi kidogo. Mtafiti alirudi maabara, lakini kiti hakikukalika. Alichora utitiri ule kwa kumbukumbu, akachana, akachora tena. Kumbukumbu haisajiliwi. Kumwomba shemeji ampeleke tena, hakuwa na uso huo.

Asubuhi moja mlango ulisukumwa kwa fimbo. Shemeji akaingia akichechemea, akatua galoni jipya la spiriti kando ya hadubini.

"Boti iko tayari."

"Shemeji, na mguu huo?"

"Mguu huu umekugharimu dume na jike," alisema. "Inuka tukawatafute."