Dohani ya Mchungaji Lorimer

Asubuhi ya Jumatatu Agwang alikuta majivu kwenye meko ya sebuleni, nayo yalikuwa ya moto. Tangu nyumba ile ijengwe, miaka miwili nyuma, hakuna aliyewahi kuwasha moto humo.

Ilikuwa mwaka 1931, huko Iyolwa, karibu na Tororo, Uganda. Mchungaji Lorimer, Mskoti aliyefiwa na mkewe, aliijenga kwa kufuata nyumba ya baba yake, mchungaji kama yeye: kuta nene za mawe, madirisha membamba, paa la mteremko mkali ili theluji iteleze, na meko ukutani yenye dohani ndefu ya kutolea moshi. Tororo haina theluji. Fundi Jamilu, Mwislamu wa mjini aliyeijenga dohani, alimwonya kwamba meko yasiyowashwa hupata mwenyeji. Mchungaji alicheka tu.

Agwang, mpishi wake, alizoa majivu yale. Kesho yake yalikuwepo tena, na sebule ilinuka nywele zilizoungua. Jumatano Mchungaji hakugusa chakula. Alivuta kiti hadi kwenye meko, akainamisha sikio, akasema mkewe anaongea naye kutoka juu. Agwang naye aliisikia sauti, ila kwake ilikuwa ya marehemu mama yake, ikimwita polepole kwa Kiteso.

Alhamisi adhuhuri alimlaza mwanawe Adeke, wa miezi minane, kwenye mkeka jikoni, akatoka kuanua nguo, na aliporudi mkeka ulikuwa mtupu, akamtafuta chini ya meza, akamtafuta barazani, hata akasikia kicheko cha mtoto sebuleni, akaingia, akamwona Adeke, ambaye hata kusimama alikuwa hajajua, amesimama ndani ya meko, mikono juu kama anayeomba kubebwa, anatazama juu gizani, na vidole vya miguu yake havikugusa jiwe.

Agwang alimshika kiunoni. Kitu upande wa pili kilivuta kwanza, ndipo kikaachia.

Alikimbia na mtoto mgongoni hadi kwa Jamilu, akamweleza yote.

“Jini limepata nyumba tupu humo dohani,” alisema fundi kwa sauti ya chini. “Tuwashe moto, likose pa kukaa. Wewe na mtoto mtabaki nje.”

Walifika jua likiwa bado juu. Jamilu alipanga kuni kavu, akawasha huku akisoma Ayatul Kursi kutoka Kurani. Moto ulishika kwa kishindo. Ndani ya dohani kitu kilianza kukwaruza mawe, kikipanda na kushuka, kisha kikalia kwa sauti ya mwanamke. Mchungaji alitoka chumbani mbio, akapiga magoti, akaanza kuchomoa kuni zinazowaka kwa mikono mitupu.

“Usimchome,” alisihi. “Jamilu, nakuomba, usimchome.”

Jamilu alimshika hadi kuni zikaisha na kilio kikakatika. Alipotoka nje alimkuta Agwang amesimama uani, anatazama paa.

“Moshi haukutoka, mzee,” alinong'ona. “Tangu mmewasha, hata kidogo.”

Walisogea pamoja hadi mlangoni. Mchungaji alikuwa ameketi kitini, mikono iliyoungua magotini, uso umetulia.

“Agwang,” alisema kwa upole, “niletee maji.”

Kila neno lilitoka na moshi.

Agwang hakuleta maji. Alikaza kanga iliyomfunga Adeke mgongoni, akashika njia ya kijiji cha Lunyo, na Jamilu nyuma yake, na hakuna kati yao aliyethubutu kugeuka.